Saa tano mliyoandika ni saa kumi na moja jioni

Mhariri,

Shikamoo kama umri unaruhusu, na kama wewe ni kijana basi shikamoo yako naipokea.

Safu yenu ya afya ya mwezi uliopita, ile yenye mchoro wa mguu na mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye wayo mpaka kifuani, imefika Soko la Majengo hapa Dodoma na haijaondoka. Mama mmoja muuza nyanya aliikata kwa kisu cha mboga, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela za chenji. Wenzake wakaiazima. Kwa wiki mbili, kila ikifika saa tano, jua la mwezi wa kumi likiwa utosini na mvua bado habari za kusikia, wanawake wa watu wanavua ndala nyuma ya meza zao na kubonyeza nyayo, wateja wamesimama wanasubiri. Mara ya kwanza nilicheka. Nikauliza ni mchezo gani huu, nikaonyeshwa karatasi, nikaisoma hapo hapo nimesimama. Kicheko kikaniishia.

Mliandika kwamba "mshipa wa figo" hufanya kazi kuanzia saa 5 hadi saa 7, na mtu akibonyeza wayo muda huo figo zake husafishika.

Nianze na saa, kwa sababu ni jepesi. Wachina wa kale waliigawa siku katika vipande kumi na viwili vya saa mbili mbili, na kila kipande wakakipa mnyama wake na mkondo wake mwilini, yaani njia ambayo kwao nguvu ya uhai hupita. Mkondo huu mnaouita mshipa wa figo uliangukia kipande cha jogoo. Jogoo wao hapo si wa kuwika alfajiri, ni saa ile kuku wanaporudi bandani. Kwa saa zetu ni kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku. Mwandishi wenu ameikuta imeandikwa kwa saa za Kizungu, tano hadi saba, akaipitisha hivyo hivyo bila kugeuza. Mtoto wa darasa la tatu angemuuliza: tano ya mchana au ya usiku?

Lakini saa haiui mtu. Wayo ukibonyezwa saa tano au saa kumi na moja ni wayo uleule. Ninachokiandikia ni hilo neno figo.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka 31, katika hospitali ambayo sina sababu ya kuitaja. Nimefua mashuka, nimebeba mabeseni, nimeshika miguu ya wagonjwa wasimpige daktari teke. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulipata daktari wa akupancha kutoka China, yaani wa zile sindano nyembamba zinazochomwa kwenye nukta za mwili, mmoja wa wale wanaokuja na timu ambazo China imekuwa ikizileta Tanzania Bara tangu 1968. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kama arobaini, na zaidi ya nusu yalikuwa ya sokoni na jikoni. Sindano zake hakuniruhusu kuzigusa, na alifanya vizuri, maana sindano ni ya aliyeisomea. Alichonifundisha ni kidole gumba. Alinifundisha kuupima mwili kwa mwili wenyewe: upana wa kidole gumba cha mgonjwa, si changu, ndio kipimo kimoja, na vidole vyake vinne vikibanwa pamoja ni vipimo vitatu. Mrefu ana kipimo cha mrefu, mtoto ana cha mtoto. Mpaka leo mteja akikaa, kabla sijagusa mguu naomba kuuona mkono.

Sasa nimestaafu, niko Chang'ombe, na jioni nakanda watu miguu barazani kwangu. Wanakuja mama lishe, wauza mboga, walinzi wa usiku, na kijana mmoja wa bodaboda ambaye visigino vyake vimepasuka kama udongo wa Bahi mpunga ukishavunwa. Beseni la maji ya moto, chumvi kidogo, mafuta ya alizeti. Jina langu halimo kwenye daftari la Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa hiyo tabibu sijiiti. Mimi ni mkanda miguu.

Kwa hiyo mchoro wenu naujua, na kwa kweli mstari mliuchora vizuri. Unaanzia chini ya kidole kidogo cha mguu, unakata wayo mpaka kwenye kishimo kinachojitokeza ukikunja vidole, kama theluthi moja ya njia kutoka shina la kidole cha pili kuelekea kisigino. Nukta hiyo wanaiita Yongquan, chemchemi inayobubujika. Kutoka hapo unapita ubavuni mwa mguu upande wa ndani, unazunguka nyuma ya kifundo, unapanda ndani ya mguu, nyuma ya goti, paja, unapita tumboni kando kidogo ya kitovu, kisha kifuani, unaishia chini ya mtulinga. Nukta 27 kila upande. Tulia kwenye ile iliyo kati ya kifundo cha ndani na kano la kisigino. Inaitwa Taixi, kijito kikuu. Weka kidole bila kukandamiza, utausikia mshipa wa damu unagonga. Daktari yule alikuwa akikaa na mguu wa mgonjwa hapo dakika nzima, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Majina yote hayo ni maji matupu. Nukta tano kuu za mkondo, kutoka kwenye wayo mpaka nyuma ya goti, wamezipanga kama safari ya maji: ya kwanza kisima, ya pili chemchemi, ya tatu kijito, ya nne mto, ya tano bahari. Sisi tuliokulia Ugogo hilo tunalielewa haraka kuliko watu wa pwani ambao bahari wanaiona kila siku. Korongo la mchanga unaliona limekauka tangu mwezi wa sita, lakini bibi anayejua pa kuchimba anapiga magoti, mkono unazama mpaka kiwiko, kata inajaa. Siku moja tulikuwa na yule daktari kwenye gari tukapita akina mama wanachota hivyo korongoni. Alipiga paja lake, akaninyooshea kidole mguuni: "Hivi hivi! Hivi hivi!" Katika yale maneno yake arobaini hakuwa na la kuongeza, na mimi sikuhitaji.

Sasa tuje kwenye neno. Mkondo huo Wachina wanauita wa shen. Kwenye maandiko yao ya zamani, kile kitabu cha Mfalme wa Manjano chenye umri wa miaka kama elfu mbili, shen ni furushi la mambo: asili ya uhai ambayo mtu amerithi kwa wazazi, uzazi, mifupa, nywele za kichwa, masikio, maji ya mwili, woga, hata majira ya baridi na rangi nyeusi. Mzee akianza kutosikia na goti linalia, kwao shen imepungua. Mtoto mwoga anayekojoa kitandani, ni shen hiyo hiyo. Hakuna kipimo cha maabara kinachoshika furushi lote hilo, na hawakuwa wanazungumzia kile kiungo unachokiona buchani kimefunikwa mafuta. Jina ni moja, maana mbalimbali.

Tusiwashangae, maana na sisi tunayo yetu. Mama akisema ana chango la uzazi, kuna anayekwenda kumpima utumbo? Chango kwenye kitabu cha biolojia ni utumbo, chango la bibi yangu ni habari nyingine kabisa, linapanda, linashuka, linakasirika, linalala. Ukimtafsiria Mchina "utumbo wa uzazi" utakuwa umemdanganya ingawa kamusi iko upande wako. Ndivyo mlivyotufanyia na figo. Na hilo neno mshipa ndilo limeharibu zaidi. Mume wa jirani yangu alisoma kichwa cha safu akadhani inahusu mshipa wa ngiri, akaiweka gazeti chini haraka kabla mkewe hajamuona. Madaktari wa upasuaji wamefungua miguu miaka na miaka, wanakuta mishipa ya damu, ya fahamu, makano, mafuta. Bomba la kutoka wayo mpaka mtulinga lenye vituo 27 hawajalikuta. Wachina wenyewe walichora njia ya nguvu, kama ramani ya upepo, na kwenye ramani ya upepo hakuna atakayechota maji.

Figo ya hospitali ni kitu kingine. Ziko mbili, kila moja kama ngumi yako, nyuma huku chini ya mbavu za mwisho, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo. Kwa siku moja zinachuja maji ya damu kama lita 180. Kwa sisi tuliobeba maji kichwani, hayo ni madumu tisa ya lita ishirini. Karibu yote yanarudishwa mwilini, kinachobaki kutoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Zinafanya hayo usiku na mchana kimya kimya, na zikiharibika zinaharibika kimya kimya pia. Mtu anayeshika kiuno baada ya kunyanyua tenga la nyanya na kusema "figo hizi!" mara nyingi ni misuli yake inalalamika. Figo inayokufa kwa presha au kwa kisukari haimwambii mwenyewe chochote mpaka imeshafika mbali.

Nirudi kwa mama wa nyanya, maana ndiye aliyenishikisha kalamu.

Alikuja kwangu jioni, umeme umekatika mtaa mzima, nikamkanda kwa mwanga wa tochi ya simu. Miguu mizito, akasema, ni kusimama. Kesho yake akaja tena, giza tena, nikakanda tena. Siku mbili hizo ni kosa langu na ninaliandika kwa mkono wangu. Siku ya tatu alikuja mapema, jua bado lipo. Alipovua ndala nikaona mkanda umeacha mtaro juu ya mguu, mtaro unaoweza kulaza kalamu. Nikamwambia, mwanangu hebu tulia. Nikaweka kidole gumba kwenye muundi, pale ambapo mfupa uko karibu, nikabonyeza, nikahesabu mpaka tano, nikaondoa. Shimo likabaki. Si alama nyekundu ya kubonyezwa, ni shimo, kama umechoma kidole kwenye ugali wa uwele ulioepuliwa sasa hivi. Tukaliangalia wote wawili. Nilifika ishirini na kitu, bado lipo.

Nikamuuliza uso wake asubuhi ukoje. Akasema macho yanakuwa mazito kufunguka, amekuwa akilaumu moshi wa kuni. Mkojo? Akaona aibu kidogo, kisha akasema una povu kama maji ya kufulia. Nikamuuliza kama ana presha. Akasema alipewa vidonge kliniki mwaka jana, na mwezi huu amevipumzisha ili mshipa ufanye kazi vizuri bila kuchanganyiwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "hizi dalili ni za figo."

"Si ndiyo maana nabonyeza, mama?"

Mhariri, sikuwa na jibu. Kwa maneno mliyompa, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Gazeti limesema mshipa ni wa figo, mimi namwambia ugonjwa ni wa figo, sasa mbona namkataza dawa yake? Ingekuwa mmeandika mkondo wa shen, asingekuwa na kamba ya kuunganisha.

Alfajiri tulikwenda hospitali. Presha 190 kwa 110. Mkojo ulikuwa na protini ya plasi tatu, na kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, imepanda kwenye damu. Daktari alikuwa kijana, mpole, akamchorea figo nyuma ya karatasi ya majibu kwa kalamu ya bluu. Akasema zimeanza kuchoka lakini hazijalala, vidonge virudi leo, chumvi ipungue, na arudi kliniki bila kukosa. Alipotuuliza kwa nini vidonge viliachwa, mama wa nyanya alifungua pindo la kanga akamwonyesha karatasi yenu. Daktari aliisoma yote. Alipofika kwenye saa 5 aliinua macho akaniangalia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa mzee pale.

Msinielewe kwamba nadharau vya Wachina. Nimekula mkate wa kidole gumba miaka mingi. Mtu aliyesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, ukimweka miguu kwenye maji ya moto na kumbonyeza Yongquan taratibu, atalala usingizi ambao hajaulala wiki nzima, na hilo naliona kwa macho yangu. Kule Taiwan watafiti wamewabonyeza nukta za namna hii wagonjwa walio kwenye mashine ya kusafisha damu, wakiangalia kama uchovu unapungua na usingizi unakuja. Mashine iliendelea kusafisha damu, vidole vilishughulika na uchovu. Mimi mpangilio huo ndio ninaoutaka.

Na hii dawa mseto tunayokunywa wote tukishikwa na malaria, sehemu yake moja imetoka kwenye jani ambalo Wachina walilitumia kwa homa. Mama mmoja wa kwao, Tu Youyou, alisoma maandiko ya karne ya 4 yanayosema jani lilowekwe kwenye maji na likamuliwe, akatambua kwamba moto wa kuchemsha ulikuwa unaua dawa. Akapewa Nobel 2015. Lakini kwanza alipima.

Binti yangu anayesomea famasia ndiye aliyenisimulia la upande wa pili. Miaka ya mwanzo ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulichanganywa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya aristolokia, na zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo. Figo za hospitali, hizi za ngumi. Majina mawili yalifanana, mtu akadhani ni kitu kimoja. Nilipolisikia hilo nilikumbuka safu yenu.

Hapa Dodoma hatuna tena kisingizio cha umbali. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, mtu halazimiki tena kuuza ng'ombe aende nje ya nchi. Ila huko ni mwisho wa njia. Mwanzo wa njia ni kipimo cha presha na kikopo cha mkojo, vitu ambavyo zahanati ya kawaida inavyo.

Ninachowaomba ni kidogo. Rekebisheni saa, muiandike kwa Kiswahili. Acheni "mshipa wa figo", andikeni mkondo wa shen, na kama msomaji hajui shen ni nini mueleze kwa mistari mitatu, gazeti lina nafasi, nimeona matangazo ya waganga yanavyokaa ukurasa mzima. Na pale chini ya mchoro semeni nani asibonyezwe. Mimi mwenyewe mguu mmoja ukivimba peke yake, wa moto, unauma kwenye shavu la mguu, siugusi, namwelekeza hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda ni damu iliyoganda. Mjamzito simbonyezi vidole vinne juu ya kifundo cha ndani, pale mikondo mitatu inapokutana, daktari wangu alinikataza kwa kunipiga kofi la mkono. Mwenye kisukari asiyesikia wayo wake namwosha tu na kumkagua vidonda, maji yakiwa vuguvugu, na nayapima kwa kiwiko changu, si kwa mguu wake.

Jumamosi iliyopita mama wa nyanya alikuja saa kumi na moja na robo, kuku wangu wakiwa wanaingia bandani. Kaniletea sado ya nyanya, nzuri, zile ngumu za kuchagua. Vidonge vyake alikuwa navyo kwenye pindo la kanga, mahali palipokuwa na karatasi yenu. Kabla ya maji, kabla ya mafuta, nikaweka kidole kwenye muundi, nikabonyeza, nikahesabu mpaka tano. Shimo lilitokea, dogo, likajaa kabla sijafika tatu. Nikainuka kwenda kuweka maji jikoni.

Mhudumu wa wodi mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma